Mgonjwa wa kiharusi anapaliwa mbele yangu, nikimuuliza anasema "sipaliwi". Tatizo ni neno au ni koo?

#1 SistaWaZamu

Salaam wakuu. Mimi ni muuguzi, wodi ya wanaume, hospitali ya mkoa, Tanzania bara. Tuko wanne tunajaribu kukiweka kwa Kiswahili kipimo cha kumeza kwa wagonjwa wa kiharusi, kile kinachoitwa GUSS (Gugging Swallowing Screen). Mgonjwa anapokelewa saa nane usiku, ndugu wamekuja na chupa ya uji, daktari yuko upasuaji, na mimi ndiye wa kusema apewe au asipewe. Karatasi tuliyonayo ni ya Kiingereza na nusu yetu tunaijaza kwa kukisia.

Rasimu tumemaliza. Juu kabisa tuliweka swali: "Je, unapaliwa unapokula au kunywa?" Hapo ndipo tulipokwama.

Wiki iliyopita nilikuwa na mzee mmoja. Nimemkalisha vizuri, nimempa kijiko cha maji. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na sauti ikabadilika ikawa kama ya mtu anayesukutua. Nikasubiri atulie, nikamuuliza, "Mzee wangu, huwa unapaliwa?" Akajifuta mdomo kwa ule mkono wake mzima, akanitazama usoni, akasema, "Hapana mwanangu, sipaliwi."

Si yeye peke yake. Wengi wanakataa. Nisaidieni: neno tulilochagua ni baya, ugonjwa wenyewe ndio unawafanya wakatae, au sisi hatujui kuuliza?

#2 Kipara_wa_Tanga

Neno. Kwetu Tanga mtu hupaliwa na maji, na mate, na moshi pia. Chakula hakimpalii mtu, chakula humsakama. Ukimuuliza mzee "unapaliwa unapokula" anakushangaa. Tumia yote mawili: "unapaliwa au kusakamwa".

#3 DaktariKijana

Sista, hongereni kwa kazi. Lakini nianze na sahihisho: GUSS hakina swali hilo. Hakimuulizi mgonjwa chochote kuhusu hali yake. Ni kipimo cha kutazama tu. Kina sehemu mbili. Ya kwanza hakuna chakula: yuko macho kwa angalau dakika 15? Anaweza kukohoa au kusafisha koo mara mbili? Anameza mate yake? Anachuruzika udenda? Sauti imebadilika baada ya kumeza mate? Hapo ni alama 5. Asipozipata zote, unaishia hapo, hapewi kitu.

Sehemu ya pili ndiyo ya kumpa kitu, na kila hatua ina alama 5: kwanza kizito laini, kisha maji, mwisho kigumu. Jumla 20. Mwenye 20 hana shida, 15 hadi 19 shida ndogo, 10 hadi 14 ya kati, 9 kushuka chini ni kubwa na haruhusiwi kula kwa mdomo. Hilo swali mmelitoa wapi?

#4 Mzee_Gombe

Mimi najua kipimo ni kumpa mtu glasi ya maji anywe yote bila kupumzika. Akikohoa amefeli. Haya ya uji kwanza yametoka wapi?

#5 DaktariKijana

@Mzee_Gombe hicho ni kipimo kingine, cha maji wakia 3, yaani mililita 90, cha Marekani, kilichapishwa 1992. Kizuri na cha haraka. GUSS kilitoka Austria mwaka 2007 na kinaanza na kizito kwa makusudi: mgonjwa wa kiharusi mara nyingi anamudu uji mzito kuliko maji. Maji yanakimbia, yanafika kooni kabla koo halijajifunga. Ukianza na maji unamfelisha mtu ambaye angeweza kula kitu.

#6 SistaWaZamu

@DaktariKijana uko sahihi, asante. Swali tulilichomoa kwenye dodoso jingine, EAT-10, lile la maswali kumi, kila moja alama 0 hadi 4, na ukifika 3 una shida. Mwenzetu mmoja alisema ndugu watajisikia wameshirikishwa tukianza na maswali. Sasa naona tumeunga mikia ya wanyama wawili.

Lakini @Kipara_wa_Tanga, hata nikisema "kusakamwa" wanakataa. Tena kabla ya hapo tulitumia "kukabwa". Mke wa mgonjwa akanijibu, "Hapana sista, hajakabwa na mtu, kaanguka tu bafuni." Alidhani nauliza kama mumewe amevamiwa na vibaka.

#7 Mjukuu_wa_Mbozi

Kukabwa ni roba ya mbao hiyo 😂 Mama wa watu lazima aogope. Ila hata kupaliwa: huku kwetu kinachopaliwa ni shamba la mahindi. Mzee kakujibu sawa kabisa, yeye si mahindi.

#8 MwalimuIsimu

@Mjukuu_wa_Mbozi shamba hupaliliwa, mtu hupaliwa. Silabi moja tu, ila naelewa, kuna watu wanalifupisha.

Sista, jambo la kuangalia ni umbo la kitenzi. "Kupaliwa" ni la kutendwa. Mtu husema "nimepaliwa" tukio likiwa bichi, kooni bado kunawasha. Ukisema "huwa unapaliwa" unamgeuzia tukio kuwa tabia. Ni kama kumuuliza mtu "huwa unajikwaa?" Hata aliyejikwaa asubuhi atasema hapana, maana kujikwaa hakukuwa desturi yake. Jaribu kuuliza kwa tukio: "Hayo maji uliyokunywa sasa hivi, yamekupalia?" Msikilize anajibuje.

#9 Bint_Muscat

Shikamooni wakubwa. Mama yangu alipata kiharusi hapa Muscat. Sisi asili yetu Unguja, mama Kiarabu anakijua lakini baada ya ugonjwa kilimtoka, akabaki na Kiswahili tu, tena cha utotoni. Muuguzi alikuwa mtu wa India, mpole sana, alimwambia mama akohoe kwa Kiarabu, mama akatulia. Akamwambia kwa Kiingereza, mama akatulia. Wakaandika hawezi kukohoa. Nilipofika nikamwambia, "Mama, kohoa." Akakohoa vizuri tu, chumba kizima kikageuka.

Mama alikaa na mpira wa puani wa kulishia siku nne ambazo pengine hakuzihitaji. Kwa hiyo msiseme lugha ni kitu kidogo kwa kuwa kipimo ni cha kutazama. Unachotazama ni mtu akitii amri, na amri ni maneno.

#10 DaktariKijana

@Bint_Muscat pole sana. Na umenirekebisha. Kweli, "haulizwi" haimaanishi "haambiwi".

#11 MwalimuIsimu

Post #9 imenikumbusha kumuuliza Sista: hilo la kukohoa mmeliandikaje kwenye rasimu?

#12 SistaWaZamu

Tumeandika "Mwambie mgonjwa ajikohoze mara mbili."

#13 MwalimuIsimu

Hapo ndipo penye kazi! Kujikohoza ni adabu. Mzee akiingia uani kwa mtu anajikohoza ili wanawake wajue kuna mgeni. Ni sauti ndogo ya mdomoni, "ehe-ehem", haitoki kifuani. Ukimwambia mzee wa Kiswahili ajikohoze, atafanya hiyo hiyo, tena kwa staha kwa sababu mbele yake yuko binti. Wewe utaandika kikohozi dhaifu, alama sifuri, kumbe kifua chake kizima.

Semeni "kohoa kwa nguvu, kama unatoa kohozi". Na muuguzi amwonyeshe kwa kukohoa yeye mwenyewe kwanza.

#14 SistaWaZamu

Mwalimu, nimesoma hiyo nikiwa zamu nikaenda moja kwa moja kitanda cha dirishani. Baba wa makamo, leo siku ya tatu. Nikamwambia ajikohoze: "ehem", kama anaomba njia kwenye daladala. Nikamwambia, "Baba, kohoa utoe kohozi, hivi," nikamwonyesha. Alikohoa mpaka jirani yake akaamka. Mtu yule yule, dakika mbili hazijapita. Jana nilimwandikia hana kikohozi cha hiari. Nimeenda kurekebisha faili na mikono inatetemeka.

#15 NesiMombasa

Kazi nzuri wadau. Turudi kwa swali la dada, maana mmelikimbia. Mimi niko Mombasa, miaka mingi wodini, na nasema hivi: neno wanalielewa vizuri sana. Wanakataa kwa kuogopa mpira.

Mgonjwa wa kitanda cha nne alisema anapaliwa, jioni akatiwa mpira wa puani. Wodi nzima imeona. Wewe kesho ukija kuuliza "unapaliwa?", nani atakubali? Na ndugu ndio wabaya zaidi. Kwao mpira ni dalili ya kuondoka. Binti anakaa karibu na kichwa cha babake, kabla mzee hajafungua kinywa yeye ashajibu, "Hapaliwi huyu, jana amekula ndizi." Amekula ndizi akiwa amelala chali, na kifua kinakoroma!

#16 Kipara_wa_Tanga

@NesiMombasa sikatai, lakini mgonjwa wa Sista aliulizwa siku ya kwanza, hajaona mpira wa mtu yeyote.

#17 NesiMombasa

Kiharusi ni maradhi ya kila mtaa, kaka. Ameshaona kwa babake.

#18 TibaUsemi_Kampala

Habari zenu. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya usemi na kumeza, nilisoma Makerere, kozi ile iliyoanza 2008. Tuko wachache mno ukanda huu, ndiyo maana vipimo vya kufanywa na wauguzi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kwenye utafiti wa kwanza wa GUSS kulikuwa na wagonjwa 50: 20 walipimwa na wataalamu wa tiba na 30 na wauguzi, na wote walilinganishwa na kamera ya kupitishia puani. Kipimo hakikumwachia hata mmoja aliyekuwa hatarini. Kosa lake ni la upande wa pili, kinawazuia na baadhi ambao wangeweza kula.

Kuhusu swali lenu, naomba tufikirie koo lenyewe. Kiharusi hakilegezi misuli tu, kinapunguza na hisia. Wapo ambao maji yanaingia kwenye njia ya hewa na hawakohoi kabisa. Hao ndio wanaoniogopesha, maana hata kipimo cha kutazama kikohozi kinaweza kuwapita. Wapo wengine wanakohoa, maana mwili bado una kinga, lakini kichwani hawajasajili kwamba kuna kitu kimetokea. Sista, yule mzee wako alipooza upande gani?

#19 SistaWaZamu

Kushoto.

#20 TibaUsemi_Kampala

Basi ubongo wa kulia. Hapo kuna hali inayojulikana: mgonjwa hatambui ugonjwa wake. Unamwonyesha mkono uliolala, anakwambia uko sawa. Mtu wa aina hiyo hata ukimuulizia kwa Kiswahili cha Unguja mjini atakwambia hapaliwi. Ningekuwa wewe ningemuuliza kwanza kuhusu mkono.

#21 SistaWaZamu

Mkono anaujua vizuri. Analalamika kutwa kwamba hauwezi kushika tasbihi. Tena ninao wawili waliopooza kulia nao wanakataa vile vile.

#22 DaktariKijana

Waliopooza kulia, ubongo wa kushoto, hapo fikiria lugha. Wengine wamepoteza uelewa wa maneno, "ndiyo" na "hapana" zinatoka ovyo. Waulize kitu unachokijua jibu lake: "Jina lako ni Asha?" kwa mwanamume. Akisema ndiyo, usitegemee hilo "sipaliwi" lake.

#23 Mama_Kibaha

Wapendwa, mimi si mtu wa hospitali. Nimemuuguza baba miaka miwili nyumbani. Kwa nini mnaona ajabu mtu kusema hapana? Ukienda kumjulia hali mgonjwa, unasema "hujambo?" Anakujibu "sijambo", na yuko kitandani, hawezi kugeuka! Ndivyo tulivyolelewa. Anayekuja kitandani akakuuliza habari unamwambia njema kwanza, ndipo baadaye sana, ukiona kakaa, unasema "ila usiku sikulala". Sista anauliza mara moja na karatasi mkononi, anaandika, anaondoka. Amepata "sijambo" yake.

Baba yangu alikuwa anakohoa kila chai. Nikimuuliza anasema "ni moto tu". Siku moja nimekaa naye tu kibarazani nachambua mchele, ndipo akasema mwenyewe, "Neema, hii chai siku hizi inanikimbilia kifuani." Hakusema kupaliwa, alisema "inanikimbilia".

#24 Mjukuu_wa_Mbozi

Hii ya Mama Kibaha imenigusa. Nafuta mzaha wangu wa mahindi.

#25 NesiMombasa

Nzuri, ila mama, mbona nikiwauliza "kichwa kinauma?" wanasema ndiyo kabla sijamaliza? Wanajua kichwa kitaletewa dawa. Kupaliwa kunaletewa mpira. Nabaki pale pale.

#26 Mtu_wa_Goma

Salamu kutoka Goma. Huku wagonjwa wetu wengi neno kupaliwa wanalisikia kwa Waswahili wa redioni tu. Mtu wa hapa atakwambia maji "imepita njia mubaya". Mkiandika kipimo cha Kiswahili, kiandikeni mkijua kitavuka mipaka. Ningependa kiwe na nafasi ya kila hospitali kuandika neno la kwao, na maelezo ya tendo chini yake, bila kulazimisha neno moja.

#27 MwalimuIsimu

@Mtu_wa_Goma naunga mkono, lakini isiwe kila mtu anaandika lake. Ukibadilisha maneno kila wodi, hamna tena kipimo kimoja, kuna vipimo ishirini. Utaratibu unaofuatwa na wengi, ulioandikwa mwaka 2000 kwenye jarida la Spine, unataka hivi: wawili wanafasiri kila mmoja peke yake, wanaunganisha, kisha wengine ambao hawajauona mwanzo wanarudisha kwenye lugha ya awali, halafu kamati inakaa, mwisho unajaribu kwa watu 30 hadi 40 na kuwauliza walichoelewa. Sista, mliwauliza walichoelewa?

#28 SistaWaZamu

Tulirudisha kwenye Kiingereza tu, na ilirudi safi. "Jikohoze" ilirudi sawasawa na mwanzo.

#29 MwalimuIsimu

Ndiyo hatari ya kurudisha. Aliyerudisha ni msomi, anajua unachotaka. Mzee wa uani hakuwepo kwenye kamati.

#30 DaktariKijana

Jingine, kabla hamjachapisha: andikeni kwa wenye kipimo muombe ruhusa. Kina haki zake. Kimeshawekwa kwa Kireno na Kituruki kwa utaratibu huo, na mara nyingi wenyewe wanafurahi.

#31 Mzee_Gombe

Huyo Gugging ndiye daktari mwenyewe? Aandikiwe huyo?

#32 TibaUsemi_Kampala

Gugging ni mahali, mzee wangu, karibu na Vienna. Palikuwa na hospitali hapo. Mwandishi wa kwanza wa makala ya 2007 ni Michaela Trapl.

#33 Kipara_wa_Tanga

Sasa tuje kwenye chakula. Kipimo kinasema kizito laini kama pudini. Nani Mtanzania wa kawaida anajua pudini? Semeni uji mzito.

#34 NesiMombasa

Au faluda. Inashikana vizuri kwa kijiko.

#35 TibaUsemi_Kampala

@NesiMombasa tafadhali, faluda hapana! Mdomoni inayeyuka inakuwa maji, au inateleza kama kipande kizima. Unadhani unapima kizito, kumbe unapima maji bila kujua.

Na uji nao una mambo mawili. Kwanza ukipoa unakuwa mzito, ukiwa moto ni mwepesi. Pili ni wanga, na mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga. Ukirudisha kijiko chenye mate ndani ya bakuli, uji unalegea ukiutazama. Kwa hiyo kijiko kilichoingia mdomoni kisirudi bakulini.

Pimeni kwa bomba la sindano la mililita 10, lile la ncha ya kawaida, bila sindano. Kutoka alama ya sifuri hadi ya 10 pawe na milimita 61.5, maana mabomba hayalingani. Ziba ncha kwa kidole, jaza mpaka 10, achia sekunde 10, ziba tena. Ikibaki chini ya 1 hayo ni maji. 1 hadi 4 ni mzito kidogo sana, 4 hadi 8 mzito kidogo, zaidi ya 8 mzito wa kati. Isiposhuka kabisa, huo ndio wa kiwango cha pudini, na hapo unaupima kwa uma: ukae juu ya uma bila kuchuruzika. Huu ni utaratibu wa kimataifa wa IDDSI wa kupanga uzito wa vyakula na vinywaji vya wenye shida ya kumeza, viwango 0 hadi 7, na hauhitaji mashine.

#36 Mama_Kibaha

Parachichi lililopondwa je? Baba ndilo alilokuwa anamudu.

#37 TibaUsemi_Kampala

Kwa kumlisha mtu aliyekwisha kupimwa, vizuri kabisa, likipondwa bila vipande. Kwa kupimia, shida ni kwamba parachichi la leo si la kesho.

#38 Mjukuu_wa_Mbozi

Na kigumu? Wao wanasema mkate mkavu. Kwetu kigumu ni ugali.

#39 DaktariKijana

Ugali unanata kooni, si sawa na mkate mkavu unaovunjika. Na mikate yetu ya dukani laini na sukari nyingi, si mkavu. Boflo la jana la Pwani lingekaribia. Ila ukibadilisha kitu cha kupimia lazima uhakiki upya, huwezi kubeba alama za Austria ukaziweka kwenye ugali.

#40 Kipara_wa_Tanga

Boflo la jana! Hatimaye Pwani tumechangia sayansi.

#41 Mzee_Gombe

Mimi naona mnahangaika na ugonjwa wa watu wa mjini. Vijijini kiharusi nadra.

#42 DaktariKijana

@Mzee_Gombe sivyo, kwa heshima. Kulikuwa na mradi wa kuhesabu kiharusi Dar es Salaam na Wilaya ya Hai, vijijini Kilimanjaro, kati ya 2003 na 2006, wakipita nyumba kwa nyumba kupitia wahesabuji. Wapya kwa mwaka, baada ya kusawazisha umri, walikuwa karibu 316 kwa kila watu 100,000 Dar na karibu 109 Hai. Mjini ni zaidi, lakini 109 si nadra. Na kwenye tafiti za nje, wenye shida ya kumeza baada ya kiharusi ni kati ya 37 na 78 kwa mia, kutegemea unapimaje. Hao uwezekano wa kupata nimonia ni kama mara tatu ya wengine.

#43 Mzee_Gombe

Nimekubali. Kaka yangu alikufa kwa "kichomi" wiki ya pili baada ya kupooza. Tulikuwa tunamnywesha maji ya zamzam kwa kijiko amelala. Hakuna aliyetuambia.

#44 Bint_Muscat

Innaa lillahi. Pole sana mzee wetu. Msijilaumu, mlimpa kwa mapenzi.

#45 Mama_Kibaha

Pole kaka. Nami kama si jirani yangu muuguzi ningefanya hivyo hivyo. Alinifundisha kumkalisha wima kabisa, kijiko nusu nusu, nisubiri nione koromeo linapanda na kushuka ndipo kijiko kingine, na akimaliza asilale kwa nusu saa. Na kumpigisha mswaki hata kama hali kitu, kwa sababu uchafu wa kinywa ndio unaoshuka kifuani.

#46 NesiMombasa

Hiyo ya mswaki ibandikwe ukutani. Na kumgonga utosi hakusaidii, tafadhalini. Mwinamisheni mbele akohoe mwenyewe.

#47 SistaWaZamu

Mzee Gombe pole sana. Nimeisoma post yako mara mbili.

Taarifa. Tumefuta lile swali la juu kwenye kipimo. Tumeliweka karatasi ya pembeni, la kuulizwa baadaye, mtu akiwa amekaa, na bila kumlazimishia neno: "Maji yakipita, yanakwendaje?" Nimemuuliza hivyo yule mzee wa kwanza. Akafikiri, akasema, "Yanakwenda, halafu yanarudi kuniangalia." Sijui niiweke wapi hiyo.

#48 TibaUsemi_Kampala

Iandike kama alivyosema. Inaweza kuwa ni hisia ya mabaki kooni baada ya kumeza. Bado nadhani ni hisia za koo, si neno.

#49 MwalimuIsimu

Nami bado nadhani ni neno, maana ulipobadilisha swali amejibu.

#50 NesiMombasa

Amejibu kwa sababu hukushika mpira mkononi.

#51 Mama_Kibaha

Amejibu kwa sababu ulikaa.

#52 SistaWaZamu

Kwa kweli nilikuwa nimekaa, nilikuwa namkata kucha.

Leo mchana nimepima uji wa jikoni kwetu kwa bomba la sindano. Ulipotoka sufuriani ulishuka wote kama maji. Nikaufunika, dakika ishirini baadaye ukabaki mililita 6. Baada ya saa nzima haukutoka hata tone, nikautia kwenye uma ukakaa. Uji ni ule ule, bakuli lile lile, na kwenye faili zetu zote tumeandika neno moja, "uji". Kesho naanza kuandika na saa. Mwenye bomba lenye urefu sahihi wa hiyo milimita 61.5 aniambie anapatia wapi, haya ya kwetu nimeyapima kwa rula yamefupika.

#53 Mtu_wa_Goma

Hapa kwetu tunayo ya aina mbili, kesho nitayapima nikuambie. Na uji wetu wa soya nitaupima pia.